Tochi ya Kazi: Jinsi Tulivyochagua Nyumbani Kwetu



Mwezi huu naomba tuongee juu ya tochi. Msicheke. Sisi tuliotoka Kivu tunaiita toroshi, na betri zake tunaziita mapile; wenyeji wa Kigoma wanasema tochi, na vitabuni utakuta kurunzi. Jina lolote utakalolipa, kwa mtu anayefanya kazi usiku ni chombo cha kazi kama jembe lilivyo kwa mkulima. Tofauti ni moja tu: jembe bovu unaligundua mchana. Tochi mbovu inajitangaza usiku, katikati ya njia, wakati maduka yote yamefungwa.

Nyumbani kwetu tuko wawili wa kazi za usiku. Mimi ni mhudumu wa afya wa jamii. Mama akishikwa na uchungu au mtoto akipandisha homa, wanakuja kunigongea mlango, nami nawasindikiza mpaka kituo cha afya. Baba watoto ni mlinzi wa ghala. Kwa miaka mingi kila mmoja wetu alikuwa na katochi kake ka bei rahisi, na kila mara tulikuwa tunanunua betri. Tochi zote mbili zilipokufa ndani ya msimu mmoja wa mvua, tulikaa chini tukasema: safari hii tununue tochi ya kweli. Hapo ndipo maneno yalipoanza, maana pesa ilikuwa ya tochi moja na kazi zilikuwa mbili.

Yeye alitaka tochi inayopiga mbali, mwale mwembamba kama mshale, aone mtu aliyesimama mwisho wa uzio. Mimi nilitaka mwanga mpana wa karibu, nione shimo, nyoka, miguu ya mama ninayemshika mkono, na uso wa mtoto. Kila mmoja aliita tochi yake "yenye mwanga zaidi", na wote wawili tulikuwa na haki. Mwanga ule ule ukibanwa unakwenda mbali lakini pembeni unaacha giza. Ukitawanywa unaonyesha pote karibu lakini haufiki mbali. Kwa hiyo usimwambie muuzaji "nipe inayowaka sana". Mwambie kwanza unafanya kazi gani.

Tulipoanza kuzunguka madukani tulikutana na uongo wa maboksi. Kipimo cha mwanga wote unaotoka kwenye tochi kinaitwa lumeni. Boksi moja liliandikwa lumeni 50,000, na tochi yenyewe ilikuwa ndogo kama muhogo mwembamba. Ni rahisi kupima uongo huu kwa hesabu ya shule ya msingi. Taa za LED, hizi za siku hizi, kwa kawaida hutoa lumeni 100 hivi kwa kila wati moja ya umeme, na zile nzuri sana huzidi hapo. Basi lumeni 50,000 zingehitaji wati kama 500. Kitu cha wati 500 mkononi kingekuchoma vidole, na betri yake ungeibeba kwa baiskeli! Kwa kulinganisha, balbu ya zamani ya nyumbani ya wati 60 hutoa lumeni 800 hivi.

Waliofika hapa Nyarugusu mwanzoni, kambi ilipofunguliwa mwaka 1996, wanakumbuka zile tochi za bati za betri mbili kubwa. Kila betri ni volti 1.5, balbu ina kauzi kembamba kanakowaka moto, na sehemu kubwa ya nguvu ya betri inapotea kuwa joto badala ya mwanga. Ukiidondosha, uzi unakatika, kwisha. Mwanga wake haukufika hata lumeni 50, na bado tulitembea nao. LED haina uzi wa kukatika, inakula kidogo na inatoa zaidi. LED nyeupe ilitokana na ile ya bluu, ambayo wataalamu watatu wazaliwa wa Japani, Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura, walipewa Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2014 kwa kuivumbua.

Kwa hiyo kwa kutembea njiani, lumeni 50 hadi 100 zinatosha kabisa. Kwa mlinzi anayetaka kuona mbali, 200 au 300 zilizobanwa vizuri zinamtosha. Ukizidisha sana unajiumiza mwenyewe, kwa sababu macho yakishapigwa na mwanga mkali yanaweza kuchukua nusu saa kuzoea giza tena. Baba watoto analijua hilo. Mlinzi anayewasha tochi kali usiku kucha haoni kitu nje ya mwale wake, na mwizi anamwona alipo. Mlinzi mzuri anawasha, anatazama, anazima, anasikiliza.

Jambo la pili ni masaa. Boksi likisema "masaa 10", usifikiri ni masaa 10 ya mwanga ule uliouona dukani. Katika kipimo kinachotumiwa na viwanda vingi tangu mwaka 2009, masaa yanahesabiwa mpaka mwanga ushuke na kubaki sehemu moja ya kumi ya ule wa mwanzo. Yaani tochi inaweza kuwaka vizuri masaa mawili na kufifia masaa manane, na boksi bado halijadanganya. Mimi nilimwomba muuzaji aiwashe tochi kwa nguvu yote na kuiacha mezani saa nzima, huku nikifanya shughuli zangu nyingine. Mmoja alikataa, nikaenda zangu. Mwingine alikubali, na niliporudi ilikuwa bado inawaka kama mwanzo. Tena tuliijaribu ndani, pembe ya giza, si nje kwenye jua ambako tochi zote ni kipofu.

La tatu ni uimara. Kiangazi chetu ni vumbi, masika ni matope, na hakuna tochi isiyoanguka. Tafuta maandishi ya IP yenye namba mbili. Namba ya kwanza ni ya vumbi, na 6 maana yake vumbi haliingii. Ya pili ni ya maji: 4 ni kurushiwa maji kila upande, basi mvua inaimudu, 7 ni kuzama mita moja kwa nusu saa. Ikiandikwa X badala ya namba ya kwanza, ujue haikupimwa kwa vumbi. Lakini kama lumeni zinaweza kuandikwa uongo, na hizi pia zinaweza. Kwa hiyo fungua kifuniko kwa mkono wako. Kuna mpira mweusi wa duara pale kinapofungwa? Nyuzi za kufungia zinakamata vizuri au zinayumba? Itikise: ikilia kama njugu, iache. Igongegonge kwenye kiganja ikiwa inawaka: mwanga ukikatikakatika, hata njiani utakatika.

La nne wengi hawalifikirii: rangi ya mwanga. Kwa mlinzi si tatizo. Kwa kazi yangu ni jambo zito. Tochi nyingi za bei rahisi zina mweupe wa kuelekea bluu. Ukimfunua mama kope la chini kuangalia kama damu imepungua, katika mwanga ule kila mtu anaonekana kapauka kama maiti. Tochi ya mwanga wa manjano nayo ina hatari yake: mtoto mchanga mwenye manjano ya ngozi na macho unaweza kumpita usimtambue, maana mwanga umewapaka manjano watoto wote. Bora ni mweupe wa kati, ambao kwenye boksi huandikwa 4000K hadi 5000K. Kama hakuna maandishi, angalia kiganja chako: kikionekana na rangi yake kama cha mchana, chukua. Na hata hivyo mtoto umtazame tena kwenye mwanga wa jua. Ukiona manjano, mpeleke kituoni siku hiyo hiyo.

Sasa pesa, maana posho zetu tunazijua. Nawapa hesabu ya mfano, ninyi wekeni bei za kwenu. Tuseme tochi ya bei rahisi ni shilingi 4,000, na betri zake mbili ni shilingi 2,000 zinazokaa wiki mbili. Mwaka una wiki 52, basi ni jozi 26, shilingi 52,000. Jumla 56,000. Tochi ya kuchaji tuseme ni 30,000, na kuichaji mara moja kwa wiki ni shilingi 300: kwa mwaka 15,600. Jumla 45,600. Mwaka wa pili ile ya kwanza inakula tena 52,000, hii 15,600 tu. Kumbe "rahisi" ndiyo ghali! Ugumu ni kwamba 30,000 inatakiwa siku moja, na 2,000 inaibwa kidogo kidogo bila wewe kusikia maumivu. Sisi tulisubiri zamu yetu ya upatu, wengine tunaita likelemba. Bila upatu tungeendelea kununua betri mpaka leo.

Ukinunua ya kuchaji, chunguza betri yake. Zile nene za duara, urefu milimita 65, zikiwa nzuri kwa kawaida hubeba kati ya 2,000 na 3,500 za kipimo cha mAh. Ukiona 9,900, hiyo ni hadithi. Ishike mkononi: ya kweli ina uzito wa gramu 45 hivi, ya uongo ni nyepesi. Zile tochi kubwa zenye meno ya kuchomeka ukutani nyingi zina betri ya risasi na asidi ndani. Hizo ukiziacha bila chaji wiki kadhaa zinakufa. Wala usiruhusu mtoto azifungue. Risasi ni sumu kwa akili ya mtoto.

Na betri za kawaida pia ziangalieni. Usichanganye mpya na kuukuu, maana ile kuukuu inavuja na kula chuma cha tochi. Tochi isiyotumika itolewe betri. Na watoto wasipasue zilizokufa kutafuta unga mweusi wa kupaka ubao, wala msizitupe jikoni kwenye moto.

Basi tukarudi kwenye swali letu: tochi moja, kazi mbili. Tulibishana siku tatu. Mimi nilisema ghala ni chakula cha watu wengi. Yeye alinyamaza muda, halafu akaniuliza: "Taa ikizimika katikati ya kazi yangu, nitafanya nini?" Nikasema utapiga filimbi, wenzako watakuja. "Na ikizimika katikati ya kazi yako?" Sikuwa na jibu. Akasema, "Mwizi anaweza kusubiri. Mtoto hasubiri."

Tukanunua tochi ya kichwani, ya mwanga mpana, yenye nguvu tatu za kuchagua, inayochajiwa kwa waya kama wa simu. Ya kichwani kwa sababu mama anayejifungua njiani anahitaji mikono yangu yote miwili, na mtu wa kushika tochi hapatikani kila usiku. Baba watoto alilinda kwa tochi ya kuazima mpaka zamu ya pili ya upatu, ndipo naye akapata mshale wake.

Tochi ilipofika nyumbani ilileta ugomvi mwingine. Watoto waliona mwanga mzuri wakataka kuusomea. Mzazi gani atamkatalia mtoto kusoma? Lakini usiku mmoja wa kusoma ungeweza kuniacha gizani na mtu mkononi. Tukakubaliana hivi: wao wanasomea kataa ka sola, na tochi ya kazi inatundikwa kwenye msumari karibu na mlango, imejaa chaji, hakuna wa kuigusa. Mwanangu mkubwa ndiye mlinzi wa msumari. Kila Jumamosi anapeleka kuchaji, anafuta vumbi kwenye kioo, anapangusa mpira. Siku nyingine nikigongewa ananiwahi: nakuta ameishika mlangoni, imeshawaka.

Kwa hiyo, jamani, kabla ya kutoa pesa kaeni na watu wa nyumbani mjiulize maswali matatu. Ni kazi gani? Itakula nini, betri au chaji, na nani atailisha? Na mwanga ukikatika katikati, ni nani atakayeumia? Ukishajibu la tatu utajua nani apate tochi kwanza, na ni ipi. Kama kijiji chenu kina mkunga au mhudumu anayetembea usiku na tochi ya kufifia, mchangieni kabla hajawagongea kuwaomba. Njia anayopita usiku huu, kesho anaweza kuipita na mtu wa kwako.