Mlango Usiorudisha Jibu

Ziko kompyuta zilizotengwa kwa makusudi: moja husema na ulimwengu, nyingine hutunza amana. Baina yao hupita uzi wa kioo wenye taa upande mmoja na jicho upande wa pili. Habari huingia, jibu halitoki.

Mimi ni mwalimu wa lugha, si fundi. Walakini picha za miswada ya kale nilizozikusanya zilipitishwa mlango huo, na kurasa kadhaa hazikufika. Miswada yenyewe ilikwisha rudi kwa wenyewe, na nakala za nje zilikaribia kufutwa. Kompyuta ya kupeleka ilisema zimekwenda, wala haikusema uongo. Itifaki ya TCP hungoja jibu, basi hapa haifai kitu. Hutumika UDP, ambayo hutupa pakiti ikaenda zake. (Hata anwani ya mpokeaji fundi huiandika kwa mkono, maana aulizwaye hawezi kujibu.)

Kwa hiyo kosa hutafutwa kwa mpokeaji. Je, namba za pakiti zinafuatana? Je, alama ya SHA-256 iliyofungwa pamoja na faili inalingana? Pengo lilitokea kila mafaili makubwa yalipoandamana: ghala ya muda ilikuwa ikifurika. Fundi akapunguza kasi, akapeleka kila pakiti mara mbili. Washairi wetu, nadhani, wasingalistaajabia kibwagizo hicho. Kurasa zilifika, alama zikalingana, ndipo nikaruhusu nakala za nje zifutwe.