Kung'arisha Motokari katika Mji wa Mawe Meusi

Mwaka 2019 nilivuka ziwa Kivu kwa meli kutoka Bukavu mpaka Goma. Mgeni anayefika huko huona kwanza mawe. Nyumba nyingi zimejengwa kwa mawe meusi, na nyua zimezungushiwa mawe meusi. Ni moto wa mlima Nyiragongo uliopoa: tarehe 17 Januari 2002 mlima ule ulipasuka, na mawe yaliyoyeyuka yakapita katikati ya mji mpaka ziwani.

Magurudumu huyasaga mawe hayo mchana kutwa, na vumbi lake ni kali kama msasa. Mwenye motokari akilifuta kwa kitambaa kikavu, aikwaruza rangi kwa mkono wake mwenyewe.

Niliingia katika garaji moja. Mwalimu mmoja alikuwa ameleta motokari yake ya buluu. Alitaka kuiuza apate karo ya binti yake. Kifuniko cha injini kilijaa mikwaruzo mithili ya utando wa buibui.

"Papa," alimwambia fundi mzee, "ing'ae kama mpya."

"Itang'aa, Mwalimu. Lakini ujue kwamba mashini hii haiongezi kitu, hupunguza."

Kisha akatueleza. Rangi ya motokari za siku hizi hufunikwa na ganda angavu, ambalo kwa kawaida unene wake ni sehemu moja ya 20 au ya 25 ya milimita. Ndilo linaloikinga rangi na jua. Ili mkwaruzo uondoke, ganda lote hushushwa kidogo mpaka usawa wa chini yake.

Basi fundi aliiosha motokari kwa maji mengi, akaisukuma kivulini, maana bati lenye moto huikausha dawa upesi. Alibandika utepe wa karatasi kwenye kingo na mikunjo, ambapo ganda ni jembamba. Akafunga sponji kwenye mashini, akatia matone machache ya dawa ya kung'arisha, na waya wa umeme akaupitisha juu ya bega usije ukaikwaruza rangi.

Alianza kwa mizunguko 600 kwa dakika ili kueneza dawa, kisha akapandisha hadi 1,500. Alishika kipande cha nusu mita tu kila upande, kila mstari ukifunika nusu ya ule uliotangulia. Hakukandamiza, wala hakusimama mahali pamoja, kwani joto hujikusanya upesi chini ya sponji. Kila mara aligusa bati kwa kiganja.

Kijana wake alinionyesha mlango mkuukuu wa kujifunzia. Ukingoni rangi ilikuwa imeungua, bati likaonekana. "Hapo nilisimama kidogo nikimjibu mwenzangu," akasema. "Kama ingalikuwa motokari ya mtu, ningalipaka mlango wote upya."

Mwishowe fundi alitwaa sponji laini zaidi na dawa nyororo, akapunguza mwendo, ili kuondoa alama za mviringo ambazo mashini huacha na ambazo jua huzifichua.

Mkwaruzo mmoja mrefu ulibaki. Mwalimu alisikitika. Fundi akapitisha ukucha juu yake, ukakwama.

"Ukucha ukikwama, mkwaruzo umeshuka sana. Nikiufuata, nitatoboa ganda, na atakayeinunua atajuta. Mwonyeshe mnunuzi, ajue upo."

Mwalimu alinyamaza kitambo, akihesabu moyoni bei itakayopungua. Kisha akasema, "Haya, Papa. Nitamwonyesha."

Enyi vijana mnaojifunza ufundi, wengi waweza kuwasha mashini. Fundi ni yule ajuaye mahali pa kuizima.

Jioni motokari ilitoka iking'aa, pamoja na mkwaruzo wake mmoja. Nje vumbi jeusi lilikuwa likiingoja, na fundi akapaza sauti nyuma yake: "Mwalimu, maji kwanza, kitambaa baadaye!"