Jina Moja, Magonjwa Mawili

Mimi ni mkulima wa kijiji kimoja wilayani Kibondo. Nalima mihogo, maharage na mahindi. Mwaka 2009 nilikuwa pia na nguruwe saba, jike mmoja na watoto wake sita. Jike huyo nilimnunua Kasulu kwa fedha za maharage. Nilitumaini kuuza watoto wake nipate mabati ya nyumba.

Huku kwetu nguruwe mwitu ni adui wa shamba. Huja usiku na kufukua mihogo. Usiku mmoja vijana na mbwa wao walimwua mmoja shambani mwangu. Tulimchuna karibu na banda. Mimi mwenyewe niliwatupia nguruwe wangu matumbo yake mabichi. Niliona nimepata chakula cha bure.

Wiki mbili hazijaisha, jike alikataa kula. Alilala akihema kwa shida. Masikio yake yakawa mekundu, kisha yakaiva kama zambarau. Siku ya tatu alikufa. Watoto wake wakafuata mmoja mmoja.

Siku hizohizo binti yangu mdogo alishikwa na homa na kikohozi. Redio ilikuwa ikitangaza habari za mafua ya nguruwe. Majirani wakasema, "Ndiyo hiyo homa ya nguruwe. Imeingia nyumbani kwako." Watu wakaacha kupita uani kwetu. Mama watoto hakupata usingizi. Lakini jioni watu walewale walikuja kutaka nyama ya nguruwe waliokufa kwa bei rahisi!

Tulimpeleka mtoto zahanati. Alipimwa, akakutwa na malaria. Alitibiwa akapona. Kisha nilimwita Bwana Mifugo. Alitazama mizoga, akaniuliza nguruwe walikula nini. Nilimweleza bila kuficha.

"Ndugu," akasema, "majina yanafanana, lakini magonjwa ni mawili."

Ugonjwa wa kwanza ni homa ya nguruwe ya Afrika. Wataalamu waliieleza mara ya kwanza huko Kenya mwaka 1921. Nguruwe mwitu na ngiri hubeba virusi vyake bila kuugua. Papasi wanaoishi katika mashimo ya ngiri huvibeba pia. Nguruwe wa kufugwa wakiambukizwa hufa karibu wote. Hakuna dawa ya kuwaponya. Ugonjwa huu haumpati mtu. Lakini mtu ndiye anayeueneza, kwa nyama, damu, kisu, kamba na hata viatu.

Ugonjwa wa pili ni mafua. Virusi vya mafua ya mwaka 2009 vilitoka kwa nguruwe wa Meksiko. Baadaye watu waliambukizana wenyewe kwa kukohoa na kupiga chafya, mpaka yakafika Tanzania. Hayakuletwa na kula nyama iliyoiva. Tena, mtu mwenye mafua anaweza kumwambukiza nguruwe.

Je, basi nguruwe wakifa tusiogope? Hapana. Huko Malaysia, mwaka 1998 na 1999, popo walao matunda waliwaambukiza nguruwe virusi vingine. Nguruwe wakawaambukiza wafugaji. Watu zaidi ya 100 walikufa. Na huko Japani watu wameugua ini kwa kula ini la nguruwe ambalo halikuiva vizuri. Kwa macho tu huwezi kujua nguruwe wako amekufa kwa ugonjwa gani. Kwa hiyo usimguse mzoga kwa mikono mitupu, wala usimchune. Mwite mtaalamu.

Wale wanunuzi niliwakatalia. Fedha nilizihitaji sana, lakini jirani yangu naye alikuwa na nguruwe. Nyama ile ingeweza kupeleka ugonjwa bandani kwake, na hata Kasulu. Tulichimba shimo refu, tukafukia mizoga yote, tukasafisha banda kwa dawa. Banda likakaa tupu miezi mingi.

Sasa nafuga tena. Banda lina uzio wa safu mbili, nguruwe mwitu hawezi kusogea. Makombo nayachemsha kwanza. Nyama ya porini haikaribii banda. Nikiwa na mafua, mtu mwingine huwalisha. Nikitoka bandani nanawa kwa sabuni.

Mabati yangu yalichelewa miaka mitatu. Lakini jirani yangu hakupoteza hata nguruwe mmoja.