Kutafuta Chumba Langas

Mpwa wangu, binti wa dada yangu wa pili, alipopata nafasi ya kusomea uuguzi Eldoret, furaha ilidumu nyumbani usiku mmoja tu. Asubuhi yake dada alinijia kabla sijamaliza chai, akakaa barazani bila kuvua mtandio, akaniuliza: "Kaka, mwanangu atalala wapi?" Mabweni yalikuwa yamejaa. Jamaa hatuna huko. Kutoka Mombasa hadi Nairobi ni kilomita 480 hivi, na kutoka Nairobi hadi Eldoret ni kama 310 nyingine. Si mwendo wa kusema binti akiumwa kichwa mama yake atafika kabla ya adhuhuri. Basi nikafunga mkoba, nikamwachia mwalimu mwenzangu darasa langu la watoto, tukaondoka, mimi na yeye.

Treni ilitufikisha Nairobi, na huko tukapanda basi la kupitia Nakuru. Baada ya Nakuru barabara hupanda, na hewa ikabadilika hata nikajuta kuja na koti moja. Penye Timboroa, ambapo reli ya zamani imevuka mita 2,700 juu ya usawa wa bahari, ukungu ulikuwa umelala juu ya misitu saa nane ya mchana. Mpwa wangu, aliyezaliwa na kulelewa kwenye joto la kisiwa chetu, aliubandika uso wake kwenye kioo hadi tulipoyaona mashamba ya mahindi ya Uasin Gishu.

Eldoret si mji mkongwe kwa hesabu zetu sisi tuliozaliwa karibu na misikiti ya mawe, lakini una historia nzito. Makaburu kutoka Afrika Kusini waliuingia uwanda huu mwaka 1908 na magari yao ya kukokotwa na ng'ombe, wakagawiwa ardhi ambayo wenyewe walikuwapo, na mji ukachipuka juu ya shamba lililoandikwa namba 64. Mpaka leo utawasikia wazee wakiuita Sisibo, yaani hiyo sitini na nne ya Kizungu iliyopondwapondwa na ndimi za wenyeji. Mwaka 2024 ukatawazwa kuwa jiji. Langas uko kusini yake, kando ya barabara iendayo Kapsabet na Kisumu. Nao ulikuwa shamba kabla ya kuwa mtaa. Ukakatwa vipande, na kila mwenye kipande akajenga kadiri ya mfuko wake. Ndiyo maana utaona nyumba ya mawe ya ghorofa tatu imepakana na safu ya vyumba vya mabati na udongo, na katikati yake mbuzi wamefungwa.

Tulikwenda Langas kwa sababu ya bei. Mitaa iliyo karibu na hospitali kuu ya rufaa, ambako wanafunzi wa tiba na uuguzi hufanya kazi zao, ilitushinda siku ya kwanza. Huko Langas makazi ya kawaida ni yale yanayoitwa ploti: kiwanja kimoja chenye lango moja, vyumba vimejipanga kwa safu mbili vikitazamana, bomba au kisima katikati, na vyoo na bafu mwisho wa uwanja. Mwenye kutaka siri zaidi hupanga bedsita, yenye choo chake ndani, kwa bei iliyo karibu maradufu. Vibao vya vyumba vitupu huning'inizwa langoni pamoja na namba ya simu. Ukipiga, hupokei sauti ya mwenye nyumba. Hupokea msimamizi wa ploti, ambaye wote humwita keateka. Na ukiwa mgeni utatokewa na dalali wa pikipiki atakayetaka ada ya kukuonyesha vyumba, ulipe hata kama hukupenda hata kimoja. Mimi nililipa mara moja. Sikulipa tena.

Kwetu mtu akitafuta nyumba hutazama kwanza daka na baraza, kisha huuliza uwani ukoje, kwa kuwa uwani ndiko wanawake wanakoishi maisha yao. Kwenye ploti hakuna uwani. Au tuseme wote mko uwani, wanaume kwa wanawake, na kamba za nguo zimepita juu ya vichwa vyenu. Hili lilinitia wasiwasi nami nikaanza kupima vyumba kwa macho ya sheikh: mlango umeelekea wapi, dirisha linatazamana na la nani, kibla kiko upande gani. Mpwa wangu alinisikiliza kwa adabu siku nzima. Jioni akasema, "Mjomba, kesho niachie mimi niulize. Wewe unatazama chumba. Mimi nataka kutazama choo."

Na kweli, kesho yake alikwenda moja kwa moja mwisho wa uwanja kila ploti tuliyoingia. Je, bafu lina komeo kwa ndani? Taa ya nje huwaka usiku kucha, au keateka huizima? Lango hufungwa saa ngapi, na mwanafunzi aliye zamu ya usiku atafunguliwa na nani? Mabati ya mlango wa bafu yana matundu? Maswali haya sikuyafikiria hata moja, na ninawaandikia akina mama mnaosoma ukurasa huu kwa sababu hiyo: mkimtuma baba au mjomba kumtafutia binti chumba, mwendeni naye, au angalau mpeni orodha.

Siku ya pili, baada ya adhuhuri, tulifika kwenye lango lenye kibao kipya. Kijana aliyetufungulia alimtazama mpwa wangu, buibui lake na mtandio wake, kisha akanitazama mimi na kofia yangu. Akasema chumba kimechukuliwa jana. Tukashukuru. Tulipofika kona niligeuka, nikamwona kijana mwingine mwenye begi mgongoni akifunguliwa lango lile lile, na funguo zikitolewa mfukoni.

Nilighadhibika. Mpwa wangu alinishika mkono wa koti akasema, "Twende zetu, Mjomba." Lakini nilikuwa nimekwishaanza kutunga maneno ya kwenda kumwambia yule kijana, na katika kuyatunga nikakumbuka jambo nililokuwa nimelisahau, au nililojitia kulisahau.

Nyumba yangu ya Mombasa ina vyumba viwili vya juu. Miaka mitano iliyopita alinijia mwalimu kijana kutoka bara, amehamishiwa shule ya jirani, mwenye barua yake mkononi na viatu vyake vimeshika vumbi. Aliomba chumba kimoja. Nilimwambia kimekwisha kuchukuliwa. Hakikuwa kimechukuliwa, kilikaa kitupu miezi minne. Nilijiambia wakati ule kwamba ninalinda nyumba, kwamba atapika visivyolika, kwamba wasichana wamo ndani. Huenda katika hayo lilikuwamo la haki; kijana mgeni asiye na mke katika nyumba yenye mabinti ni jambo la kufikiriwa. Lakini sikumwambia hilo. Nilimwambia uongo, tena nikiwa nimetoka kusali alasiri, naye akanishukuru akaenda zake juani. Sikumweleza mpwa wangu habari hii siku ile. Ataisoma hapa.

Chumba tulikipata siku ya tatu, katika ploti ya mama mmoja mtu mzima ambaye wapangaji wote humwita Shosho. Alitupokea mwenyewe, akatupa vigoda. Akaniuliza, "Huyu ni mtoto wako?"

"Ni wa dada yangu, mama."

"Basi ni wako. Anafanya kazi gani?"

Nikamweleza. Akataka kujua kama hupika usiku na kama ana marafiki wa kuja na muziki. Nilingoja aulize kabila au dini, hakuuliza. Basi mimi mwenyewe nikasema, sisi ni Waislamu wa Pwani. Akacheka kidogo. Mwishoni mwa 2007 na mwanzoni mwa 2008, baada ya uchaguzi ule, Langas ulikuwa miongoni mwa mitaa ya Eldoret iliyoumia sana. Vyumba vyake, alisema, viliungua vyote, naye akalala hemani kwenye uwanja wa maonyesho wa Eldoret pamoja na wajukuu. Alirudi, akajenga upya, chumba kimoja kila alipopata. "Mimi nimelala nje, baba," alisema. "Mtu akitaka kulala ndani, mimi nauliza kama atalipa."

Kodi ilikuwa shilingi 3,500 kwa mwezi, na dipoziti kiasi hicho hicho. Hapa nilirudi kwenye elimu yangu. Tulifundishwa kwamba ijara haisihi mpaka yajulikane manufaa, ujira na muda. Nami nimeona ndugu zetu wengi wakilia kwa kodi zilizopandishwa katikati ya mwezi kwa sababu hakuna kilichoandikwa. Ziko sheria pia, lakini Sheria ya Kudhibiti Kodi, Sura ya 296, huilinda nyumba ambayo kodi yake haizidi shilingi 2,500, kiwango kilichowekwa zamani ambacho leo chumba cha mabati hukivuka. Kwa hiyo karatasi yako ndiyo ngao yako. Tuliandika ukurasa mmoja: kodi, tarehe ya kulipa, notisi ya mwezi mmoja kwa kila upande, umeme wa tokeni ni juu ya mpangaji, na dipoziti ni ya nini hasa. Shosho alisema ni ya rangi na vitasa vikivunjika. Nikaliandika neno hilo kama alivyolisema. Tukaorodhesha pia kilichokuwa kimeharibika tayari: kioo kimoja kina ufa, na swichi imelegea. Akatia saini. Kodi tukailipa kwa simu, ili kumbukumbu ibaki.

Kisha maji. Ploti ina kisima, na maji yake ni meupe, hayana harufu wala ladha. Kwa fikihi ningeyatawadhia bila kusita. Lakini maji kuwa tohara si dhamana kwamba hayatakuuguza. Utafiti uliochapishwa mwaka 2007 kuhusu maji ya mtaa huu huu ulikuta visima vingi vifupi vina vijidudu vya kinyesi, kwa kuwa vyoo vya shimo vimechimbwa karibu navyo. Shosho mwenyewe alisema hunywa ya bomba, tena aliyoyachemsha. Tukanunua sufuria kubwa na ndoo mbili zenye vifuniko, moja ya kunywa, moja ya kuoga na kutawadha.

Kibla tulikipata kwa dira. Mombasa tunaelekea kaskazini karibu sawasawa. Eldoret ni kaskazini pia, lakini umepinda kidogo mashariki, maana uko magharibi zaidi yetu. Kwa sababu iyo hiyo jua huchwa huko dakika kadhaa baada ya kuchwa Mombasa. Nilimsisitizia mpwa wangu: Ramadhani ikiingia usifuturu kwa adhana ya redio ya nyumbani, utakuwa umekula mchana.

Usiku wa mwisho baridi ilizidi, na wapangaji wawili watatu waliwasha majiko ya makaa nje ya milango yao. Mmoja akaliingiza lake ndani. Shosho alitoka na shali yake, akagonga, akasimama pale mpaka jiko likatolewa, kisha akaja kwetu. "Huyu wa kwenu hajazoea baridi," aliniambia. "Hao ndio hufunga mlango na dirisha, wanaweka jiko kitandani. Halafu asubuhi hawaamki." Akamshika mpwa wangu bega, akamwambia akisikia baridi aje achukue blanketi, usiku wowote, agonge tu. Mimi nilikuwa nimeuliza mambo ya kibla, mkataba na kitasa. Moshi usioonekana haukuwa akilini mwangu. Kwetu nani analala na jiko?

Niliondoka alfajiri. Shosho alinisindikiza hadi langoni na tochi, akaniambia nikifika nipige simu, maana barabara ni ndefu. Nilifika Mombasa usiku, mgongo ukiniuma, nikampigia yeye kabla ya kumpigia dada yangu. Alipokea mara moja. "Mtoto amekula," akasema. "Ametupikia sisi wote wali, ameweka nazi. Wewe lala."