Usianze na Pembe

Mwana wa dada yangu, mwanafunzi wa sekondari hapa Mambasa, alisimama mbele ya picha iliyoko kwenye baraza langu akaniuliza, "Mjomba, huyu punda milia wa wapi?" Kwao redio haizimwi, nayo redio hiyo imekuwa ikilitaja jina la mnyama huyo tangu Februari 2002: Radio Okapi. Mnyama mwenyewe anaishi Epulu, kilomita 70 hivi kutoka hapa. Swali lile liliniuma.

Kosa lake ni la zamani. Wataalamu wa London walipewa vipande vya ngozi alivyovituma Harry Johnston, mkuu wa Waingereza huko Uganda, na mwaka 1901 wakamwita mnyama Equus johnstoni, yaani wakamtia katika ukoo wa farasi na punda milia. Bambuti, wenyeji wa msitu, walikuwa wamemwonyesha Johnston nyayo zenye kwato mbili, akazikataa kwa kuwa alitafuta ukwato mmoja wa farasi. Ngozi nzima na mafuvu yalipopatikana, ikabidi okapi ahamishiwe kwa jamaa yake wa kweli, twiga. Wenye msitu hawakuwa na la kurekebisha.

Mimi nilifundishwa na mmoja wao. Baba yangu alifanya kazi katika kituo cha okapi cha Epulu, nami nilikulia kando ya nyua za okapi. Kila asubuhi alitokea mzee Mbuti, mkata majani, mzigo kichwani ukimfunika hata mabega. Sote tulimwita Papa. Alinukia utomvu mbichi na moshi wa kambi, na harufu hiyo ilitangulia kufika kabla ya salamu yake. Majani hayakuwa ya kuokoteza: okapi hula zaidi ya aina mia moja, naye Papa alijua lipi analipenda nani. Aliyafunga kwa mafungu, akayaning'iniza juu ili wanyama wayavute kwa ndimi zao ndefu, kisha akanifundisha akiwa anafanya kazi, bila kunitazama.

"Usianze na pembe," alisema. Dume huota pembe polepole, kati ya mwaka wa kwanza na wa tano, kwa hiyo dume mchanga na jike wanafanana kichwani. Anza na mwili. Kwa mbuzi wetu beberu ndiye mkubwa; kwa okapi jike mzima humzidi dume kwa kimo na kwa uzito. Kisha panda kwenye paji la uso: dume mzima ana vipembe viwili vilivyovikwa ngozi, vimelalia nyuma, ncha zake wazi, jike ana vifundo vya manyoya tu mahali pale. Ukikosa kumwona, soma njia yake, kwa maana dume hukojolea vichaka huku akitembea na kupishanisha miguu. Mwisho tazama matako. Michirizi ya hapo haifanani kwa okapi wawili, na Papa alimjua kila mmoja kwa hiyo michirizi, hata akiwa amegeuza kichwa.

Elimu hiyo ilikuwa na uzito wake. Okapi walikamatwa kwa mashimo yaliyochimbwa kwenye mapito yao na kufunikwa vijiti na majani. Habari ikifika kwamba mmoja ameanguka, Papa alitangulia. Aliinama juu ya shimo, akatazama, akasema neno moja: dume, au jike. Akiwa jike alitazama tena, chini ya tumbo, kama ana maziwa. Mtoto wa okapi hukaa amejificha vichakani, na katika majuma yake ya kwanza hatoi hata kinyesi, chui asije akamnusa. Ukimchukua mama, mtoto atakufa palepale alipolala. Papa alishikilia kwamba mwenye maziwa aachiliwe, na sikumwona akibishiwa.

Nimejaribu kuipanga miaka. Kituo kilianza 1952, mradi wa kuwalinda okapi ukaja 1987, hifadhi ya okapi ikatangazwa 1992. Siku za Papa ziko kati ya hiyo miwili ya mwisho. Inatosha.

Yaliyofuata mnayajua. Tarehe 24 Juni 2012 waasi waliingia Epulu, wakaua watu, walinzi wakiwamo, na okapi 14 wa kituo wakafa. Mwaka uliofuata okapi aliorodheshwa miongoni mwa wanyama walio hatarini kutoweka. Siku hizi kamera hufungwa kwenye miti, na michirizi aliyoisoma Papa kwa macho husomwa kwenye picha. Kazi hiyo naiheshimu. Kinachonikera ni vijana wetu wanaoingia ndani ya hifadhi kuchimba dhahabu, wanaoijua bei ya gramu kuliko mfanyabiashara wa Bunia, lakini wanaukanyaga unyayo wa okapi wasijue ni wa nani.

Walimu wa Mambasa, wakata majani wa zamani wangalipo. Waiteni darasani, wawafundishe watoto unyayo, paji la uso na michirizi, nanyi muwalipe kama mwalimu yeyote anavyostahili kulipwa.