Rangi ya kijani iliyonidanganya

Leo sitaandika kuhusu Linux wala simu mpya. Makala haya nimeyaahirisha kwa muda mrefu kwa sababu yanahusu kosa langu mwenyewe, tena katika programu niliyoiandika kwa mikono yangu.

Mwezi wa Machi 2022 mjomba wangu, mwalimu mstaafu wa miaka 61, aligunduliwa kuwa na kisukari. Hakuna aliyeshangaa. Mamangu, ambaye ni dadake, anaishi na kisukari tangu 2016, kwa hivyo tulisema ni mambo ya ukoo.

Mimi nilikuwa nimetoka chuo kikuu juzi juzi na shahada ya sayansi ya tarakilishi, na mnatujua sisi watu wa programu: kila shida tukiiona, vidole vinawasha. Nikawatengenezea wawili hao kaprogramu kadogo. Kila asubuhi wananitumia arafa yenye namba mbili, sukari na uzito, na tarakilishi inazichora kwenye grafu. Sukari ikishuka, rangi ya kijani. Ikipanda, nyekundu. Uzito nao nikauwekea sheria hiyo hiyo, maana si watu wengi wenye kisukari huambiwa wapunguze uzito?

Mjomba alianza na kilo 74. Kufikia Agosti alikuwa na 65. Grafu yake ya uzito ilikuwa kijani tupu. "Mjomba, umekuwa kijana!" nilimwandikia. Akanijibu, "Ni hiyo mashine yako, mjomba."

Jambo moja tu halikulingana. Sukari yake ilizidi kupanda ingawa alimeza dawa na kuacha vitu vitamu. Nililiona. Nikadhani anakula mandazi kisirisiri, nikamtania.

Novemba macho yake yakawa manjano na mkojo ukawa na rangi ya strungi. Skani ilionyesha uvimbe kwenye kongosho. Ilikuwa saratani, na ilikuwa imeshafika kwenye ini. Tulimzika Februari 2023.

Baada ya mazishi nilianza kusoma usiku. Nilichokielewa ni kwamba kati ya kisukari na saratani kuna njia mbili, na mimi nilikuwa sijui hata moja.

Njia ya kwanza inatoka kwenye kisukari kwenda kwenye saratani. Mwaka 2010 mashirika mawili ya Marekani, American Diabetes Association na American Cancer Society, yalitoa ripoti ya pamoja. Kwa mtu mwenye kisukari cha aina ya 2, hatari ya saratani ya ini, ya kongosho na ya ukuta wa ndani wa tumbo la uzazi ni karibu mara 2 au zaidi. Ya utumbo mpana, matiti na kibofu cha mkojo huongezeka kwa kadiri ndogo, kati ya mara 1.2 na 1.5. Ajabu ni kwamba ile ya tezi dume hupungua. Sababu moja inayotajwa ni insulini yenyewe. Mwili ukiwa mzito wa kuisikia, kongosho huimwaga kwa wingi zaidi, na insulini haishughuliki na sukari tu, pia huziambia seli zikue. Lakini tusikimbie. Unene, kukaa bila mazoezi, sigara na umri huchangia maradhi yote mawili, kwa hivyo si kila uhusiano ni kosa la kisukari.

Njia ya pili inakwenda kinyume: saratani ya kongosho inaweza kuleta kisukari. Kongosho ndilo linalotengeneza insulini, na uvimbe ukiwa bado mdogo na hauumi huweza kuvuruga kazi hiyo, sukari ikapanda miezi mingi kabla ya dalili nyingine. Wenzangu wa programu mtanielewa: tarakilishi inalalamika kuhusu mstari wa 400, kumbe kosa liko mstari wa 12.

Mwaka 2005 Dkt. Suresh Chari na wenzake wa Mayo Clinic walichapisha utafiti kuhusu watu 2,122 waliopata kisukari wakiwa na miaka 50 au zaidi. Ndani ya miaka 3, watu 18 walipatikana na saratani ya kongosho, karibu mara 8 ya ilivyotarajiwa. Sasa piga hesabu upande wa pili: zaidi ya 99 katika kila 100 hawakuipata. Ukipimwa kesho ukaambiwa una kisukari, usianze kuandika wosia.

Ndipo mwaka 2018 watafiti wakatengeneza kipimo cha alama, ENDPAC, cha kuwachuja hao wachache. Kinatumia vitu vitatu: umri, badiliko la sukari, badiliko la uzito. Nilipofika hapo nilifunga tarakilishi nikatoka nje. Vitu vyote vitatu nilikuwa navyo kwenye programu yangu, na kimoja nilikuwa nimekipaka kijani.

Daktari aliniambia saratani hii ni ngumu hata ikiwahiwa. Namwamini. Lakini sheria mbaya ni sheria mbaya, nami nimeibadilisha. Sasa uzito ukishuka zaidi ya kilo 2 kwa mwezi, rangi ni manjano na arafa inauliza: "Umekusudia kupungua?" Jibu likiwa hapana huku sukari inapanda, inasema: "Muone daktari wiki hii, beba grafu."

Basi, msomaji, kama una kisukari endelea na dawa zako, na muulize daktari ni uchunguzi gani wa saratani unaokufaa kwa umri wako. Na kama wewe au mzee wako amepata kisukari baada ya miaka 50 huku anakonda bila kukusudia, msimpongeze. Mwambieni daktari hivyo hivyo: anakonda bila kukusudia.

Mwezi uliopita swali hilo lilimfikia mamangu. Ameacha sukari kwenye chai na anapanda mlima kwa miguu kwenda kanisani. Alijibu: "Nimekusudia. Mbona unanihoji kama polisi?"

Nikamrudishia kijani chake.