Glasi ya mkonge iliyotufanya tuzungumze na baba

Baba alikuwa amekuja Dar es Salaam kwa ajili ya kliniki ya macho, akafikia kwangu Tabata. Jumapili ile jioni alikula mapema, akasali, akaenda kulala. Tukabaki jikoni mimi na mdogo wangu, pamoja na chupa ya pombe ambayo haikupaswa kuwa ndani ya nyumba aliyolala baba.

Naanza kwa kukiri hilo kwa sababu mimi ni mwandishi wa habari za afya. Kila wiki nawaandikia wasomaji kuhusu madhara ya hiki na kile. Na baba yetu ni mtu aliyeacha pombe miaka saba iliyopita, baada ya kutuweka roho juu kwa muda mrefu. Yote hayo niliyajua, na bado nilimwambia mdogo wangu kwenye simu, "Njoo nayo tu, mzee atakuwa amelala."

Mdogo wangu ana miaka 23. Nyumbani Korogwe walijua anafanya kazi mapokezi katika hoteli moja hapa mjini. Ukweli ni kwamba yuko kaunta, anachanganya vinywaji, na katika familia nzima ni mimi peke yangu niliyekuwa najua. Jumatatu alikuwa na jaribio la kupandishwa cheo. Alitakiwa kutengeneza kokteli tatu mbele ya wakubwa wake. Mbili alishaziweza. Ya tatu ilimsumbua: ni Negroni, ila inatengenezwa kwa meskali badala ya jin. Kulikuwa na mgeni aliyeondoka hotelini akamwachia chupa ya meskali iliyobaki robo, ndiyo aliyokuja kufanyia mazoezi kwangu.

Negroni ni kinywaji cha Waitalia. Inasimuliwa kwamba mwaka 1919 mjini Florence, bwana mmoja aitwaye Camillo Negroni aliomba kinywaji alichozoea kitiwe jin badala ya maji ya soda, na jina lake likabaki hapo. Huwa na vitu vitatu kwa vipimo sawa: jin, Campari, na vermuti nyekundu, yaani divai iliyotiwa mitishamba na sukari. Campari ndiyo inayoleta uchungu. Nililamba tone moja kwenye kijiko nikakumbuka mwarobaini tuliokuwa tunanyweshwa utotoni tukishikwa na homa.

Alipima mililita 30 za kila kimoja kwa kikombe kidogo cha bati, akamimina kwenye glasi iliyojaa barafu, akakoroga kwa kijiko kirefu taratibu kama nusu dakika. Aliniambia hiki hakitikiswi, hukorogwa tu, ili kipoe na maji kidogo ya barafu yakilainishe. Akachuja kwenye glasi nyingine yenye bonge moja la barafu. Mwisho akachukua chungwa la Muheza, lile la ganda la kijani, akabandua utepe wa ganda na kuuminya juu ya glasi ili mafuta yake yaangukie kinywaji. Kilikuwa chekundu kama juisi ya rosela. Aliponisogezea puani, kilichotangulia kunifikia ni moshi.

Kwetu "pombe ya moshi" ni jina la zamani la gongo, lakini gongo hainuki moshi hivi. Meskali inanuka moshi kwa sababu ya inavyotengenezwa. Wamexico, hasa wa jimbo la Oaxaca, hukata majani yote ya mmea wa agavi na kubakiza shina la katikati, ambalo hufanana na nanasi kubwa, nao huliita hivyo hivyo, nanasi. Huchimba shimo, wakapasha mawe moto kwa kuni, wakapanga mashina juu yake na kufukia kwa udongo kwa siku kadhaa. Baada ya hapo huyaponda, huyachachusha na kuyakeneka. Aina ya agavi inayotumika zaidi hukaa shambani kama miaka 6 hadi 8 kabla ya kuvunwa.

Na agavi ni nani? Ni ndugu wa mkonge. Mkonge wetu nao ni agavi, na asili yake ni huko huko Mexico. Uliletwa kwetu mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf. Aliagiza miche kupitia Florida, na inaelezwa kuwa ni 62 tu iliyofika hai. Kutokana na miche hiyo yakaja mashamba ya Tanga, kambi, na manamba waliotoka mbali kuja kukata mkonge. Babu yetu alikuwa mmoja wao. Baba alizaliwa kambini na akafanya kazi korona, kwenye mashine ya kuchambua singa, kwa miaka 22. Kambini ndiko alikojifunza kunywa.

Nilikuwa namwambia mdogo wangu habari hizo ndipo baba alipotokea mlangoni. Alikuwa ameamka kunywa maji.

Hakuna aliyesema kitu. Glasi ilikuwa katikati ya meza. Baba akaiangalia, akaniangalia mimi, halafu akamgeukia mwanawe.

"Hiyo ni nini?"

Nilitaka kusema juisi. Neno lilishafika mdomoni. Mdogo wangu akaniwahi.

"Ni pombe, baba. Naifanyia mazoezi. Ndiyo kazi yangu kule hotelini, siko mapokezi."

Baba akavuta kiti akakaa. Aliuliza imetengenezwa na nini, akajibiwa kuwa ni mmea wa jamii ya mkonge. Akaichukua chupa ikiwa imefungwa, akaisogeza karibu na macho yake mabovu, akautazama mchoro wa mmea kwenye lebo.

"Miaka 22 nimesimama korona," akasema, "sikujua mkonge unanyweka. Tungeisha sote."

Tulicheka, ingawa si sana. Kisha akauliza swali ambalo mimi, mwandishi wa afya, sikuwa nimewahi kumuuliza mdogo wangu kwa miezi minane yote.

"Wewe unakunywa?"

"Hapana, baba. Naonja tu kwa mrija kujua kama imekaa sawa."

"Kwa usiku mmoja unaonja mara ngapi?"

Mdogo wangu alifungua mdomo, akaufunga. Hakuwa anajua.

Baba akaniambia, "Mama, imwage hiyo." Nikaimwaga kwenye sinki.

Tulikaa pale hadi karibu saa saba usiku. Baba alituambia jambo ambalo hakuwahi kulisema. Alipoacha pombe, tulianza kumficha kila kitu. Sherehe za ukoo hatukumwambia, tukahofia vinywaji. Wageni wakija tuliwakonyeza. "Mlifanya kwa upendo, najua," alisema, "lakini mtu akifichwa anaona bado ni yule yule wa zamani. Sasa mmenificha hadi kazi ya mtoto." Halafu akaongeza, "Ila chupa iondoke usiku huu. Mimi si malaika." Mdogo wangu aliita bodaboda akaondoka nayo.

Nilibaki na aibu mbili. Ya kwanza ni ya kumficha. Ya pili ni ya kuleta chupa karibu na mtu anayepigana nayo. Nilikuwa nadhani lazima uchague moja, ama umfiche mtu au umjaribu. Kumbe unaweza kumwambia ukweli na chupa ikakaa mbali.

Kesho yake nilifanya hesabu ambayo ningeifanya mapema. Meskali ya asilimia 40, mililita 30, ina mililita 12 za kilevi halisi. Campari ya asilimia 25 ina 7.5. Vermuti ya asilimia 16 ina karibu 5. Jumla ni kama mililita 24, sawa na gramu 19. Bia ya nusu lita yenye asilimia 5 ina karibu gramu 20. Yaani ile glasi ndogo, ya kumaliza kwa mafunda machache, ni bia kubwa nzima. Kuonja nako huhesabika: mafunda ya mililita 5 ukiyameza mara 18 kwa usiku, umemaliza glasi. Nilimtumia mdogo wangu hesabu hiyo, akanijibu kwamba usiku wa Jumamosi huonja zaidi ya hapo.

Shirika la Afya Duniani lilisema wazi Januari 2023 kwamba hakuna kiwango cha pombe kilicho salama kwa afya, na tangu mwaka 1988 kilevi kimo katika orodha ya vitu vilivyothibitishwa kusababisha saratani. Sisemi hivyo ili kumfukuza mdogo wangu kazini, maana kodi ya chumba chake inatoka kwenye kaunta hiyo. Nasema ili ajue anachopima.

Jambo jingine nalisema kwa wenye mgonjwa wa pombe nyumbani. Baba alipoacha, aliacha ghafla, peke yake. Alitetemeka na kutokwa jasho, na siku ya pili akapata degedege. Majirani walisema ni mapepo. Hayakuwa mapepo. Mwili uliozoea pombe nyingi kila siku ukinyimwa ghafla unaweza kufanya hivyo, na unaweza kuua. Mtu wa namna hiyo akiamua kuacha, mpelekeni hospitali aache chini ya uangalizi. Na kwa atakayewaza kuchimba shimo nyuma ya nyumba afukie mkonge, asijaribu. Pombe ya kukeneka kienyeji inaweza kuwa na methanoli, inayopofusha na kuua.

Mdogo wangu alifaulu jaribio lake. Siku hizi akionja anatema kwenye kikombe, na anaandika idadi kwenye daftari. Baba yuko Korogwe, macho yanaendelea vizuri. Kila Jumapili asubuhi humpigia mwanawe kabla ya kunipigia mimi. Wakishasalimiana, swali lake la kwanza ni lile lile.

"Jana umeonja mara ngapi?"

Na mdogo wangu hufungua daftari, akamsomea.